Mume anasema India, shangazi anasema dawa za miti, na mimi karatasi ya majibu sijaielewa

Mama Mshauri shikamoo.

Naomba usitaje jina wala mtaa wangu maana Tanga hii ndogo na wateja wangu wengi wanakusoma. Mimi ni mama wa miaka 42, nimeolewa, nina watoto watatu, mkubwa ni wa kike yuko kidato cha nne, mtihani wake ni Novemba. Kazi yangu ni fundi cherehani, nashona madera, sare za harusi, magauni ya kicheni pati, mwaka wa 19 huu niko kwenye cherehani na ndo inayosomesha hawa watoto kwa sehemu kubwa.

Hili jambo nililigundua kwa nguo. Ilikua mwezi wa Ramadhani najishonea gauni la Idi, nikajipima futi vizuri kabisa lakini nikilivaa linavuta upande wa kushoto, nikafumua nikashona upya bado linavuta, nikajua nimekosea kukata. Kuja kusimama kwenye kioo bila nguo ndo nikaona gauni halina kosa, mimi ndo nimevuta. Ngozi ya chini ya chuchu imeingia ndani kidogo, kama kitambaa ukikivuta uzi mmoja. Nikapapasa nikakuta kitu kigumu, hakiumi hata kidogo. Nikaenda kituo kimoja cha afya wakaniambia maziwa yameganda, nikawaambia jamani mwanangu wa mwisho ana miaka 9 maziwa ya wapi, wakanipa antibayotiki nikanywa zikaisha, miezi miwili ikapita hivohivo. Baadae nikaenda hospitali kubwa, nikapigwa ultrasaundi, nikachomwa sindano nene wakatoa kinyama, nikasubiri majibu wiki tatu. Sasa leo ni siku ya 12 tangu niambiwe nina kansa ya ziwa.

Dokta wala hakua mbaya, aliongea na mimi kwa upole, ila alipotamka tu kansa masikio yaliziba, mengine yote niliona mdomo wake unatembea. Nilichokumbuka ni kwamba uvimbe una sentimita 4, kuna tezi moja ya kwapani imevimba, kifua na ini vimeonekana viko sawa, alafu nitaanza dripu 8 za dawa ya kansa kila baada ya wiki tatu, operesheni baadae, mionzi, na vidonge vya miaka. Akasema ni steji ya pili. Lakini kwenye karatasi imeandikwa gredi ya 3, kwahiyo sijui ni ya pili au ya tatu au ananificha. Kuna herufi ER na PR zina alama ya kujumlisha, na HER2 mbele yake 2+, hiyo nayo akasema inatakiwa ipimwe tena. Amenipa rufaa ya Dar, natakiwa niwe kule Jumatatu ya wiki ijayo.

Sasa kimbembe ni nyumbani. Mume wangu alipiga simu kwa kaka yake, kaka yake akasema hapa wataniharibu, nisiguswe na mtu yeyote mpaka niende India. Wamefungua grupu la mchango, mpaka leo zimefika milioni 6, wanasema inatakiwa zaidi ya 30, kwahiyo kiwanja chetu cha Pongwe kiuzwe. Mteja wa kiwanja hajapatikana. Wanasema ndani ya miezi mitatu itakua tayari.

Shangazi yangu ndo alienilea baada ya mama kufariki, na mama alifariki kwa ugonjwa huuhuu mwaka 2007, alikatwa ziwa na mwaka haukuisha. Shangazi analia anasema kansa na chuma havipatani, ukiigusa na kisu umeiamsha inatembea mwili mzima, na kwamba hata hiyo sindano ya kinyama nilikosea kukubali. Amenipatia mtabibu wa Handeni, dawa ni ya siku 40 na masharti ni nisichanganye na ya hospitali. Shangazi sijawahi kumbishia maisha yangu yote.

Na kuna lingine nashindwa hata kuandika. Tangu majibu yatoke mume wangu analala amenipa mgongo. Na mama mkwe alikuja kunijulia hali, akakaa, akanywa chai, alafu akasema mbele yangu, "mwanangu bado kijana lakini." Akanyamaza. Mimi nikaelewa.

Binti yangu hajui kitu, nimemwambia ni jipu. Karatasi nimeificha kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo.

Mama nifate ipi? Kila mtu anaongea na wote wananipenda, mi nataka tu nirudi kwenye cherehani yangu na nije nimshonee binti yangu gauni la harusi. Nisaidie.

Fundi wa Tanga

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zilizokua zinasubiri kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Pole sana. Nimeisoma mara tatu, na ile sehemu ya gauni linalovuta nikaisoma tena, nikawaza ni wangapi wangelitupa gauni na kuendelea na maisha. Wewe ulifumua ukashona, ukaenda kwenye kioo, kisha ukaenda hospitali, na ulipopewa jibu lisiloeleweka ukaenda nyingine. Kwahiyo usije ukaniambia hujui kujiamulia.

Kabla ya yote, mimi si daktari. Nilikua muuguzi wadi ya upasuaji miaka mingi mpaka nikastaafu, kwahiyo kuna vitu nimeviona kwa macho, lakini mwili wako na vipimo vyako vyote anavyo daktari wako na nitakayosema hapa ni ya kwenda nayo kwake, sio ya kumpita.

Nikikuelewa vizuri, umesimama njia panda yenye njia tatu. Hospitali ya hapa nchini, India, na Handeni. Kila njia ina mtu wako anaeivuta, na unaona ukichagua moja umewakataa wengine. Chini ya hapo kuna hofu mbili umezitaja kwa sauti ndogo, ndoa yako na binti yako. Lakini nilipokua nasoma nikaona hivi, huyo mume, shemeji na shangazi, hakuna hata mmoja alieisoma ile karatasi iliyo kwenye droo. Na wewe mwenyewe hujaielewa bado. Yaani ni kama watu wanabishana gauni lishonwe wapi na hakuna aliepima kifua. Kwahiyo tuanze na vipimo.

Gredi na steji ni vitu viwili tofauti mwanangu, dokta hakukuficha kitu. Steji inasema ugonjwa umefika wapi, ukubwa wa uvimbe, kama umeingia kwenye tezi, kama umevuka kwenda mapafuni au kwenye ini au mifupa. Gredi inasema chembe zenyewe zikiangaliwa kwenye hadubini zimekaaje, zimefanana kiasi gani na za kawaida na zina haraka kiasi gani. Ya 3 ni zile zenye haraka. Kwahiyo inawezekana kabisa mtu akawa na steji ya pili na gredi ya 3, maana yake ugonjwa una mwendo lakini umekamatwa kabla haujafika mbali. Na steji ya pili ni ile ambayo madaktari wanatibu wakilenga kuponya. Sijasema ni ahadi, nimesema ndo lengo, na hilo nadhani siku ile masikio yakiwa yameziba hukulisikia.

ER na PR zikiwa na alama ya kujumlisha maana yake chembe hizo zina vipokezi vya homoni, zinakula homoni za kike kama chakula, kwahiyo kuna dawa za vidonge, tamoxifen ni mojawapo, zinazozikatia hicho chakula. Ndo hivo vidonge vya miaka, huwa mitano na kwa wengine inafika hata kumi. Hiyo ni silaha ambayo wenye majibu hasi kwenye herufi zote hawana. HER2, protini inayozisukuma chembe zikue, ndo ile 2+, na hapo dokta alikwambia kweli, 2+ ni jibu la katikati, sio ndio wala sio hapana, inatakiwa kipimo kingine cha kutoa uhakika. Ikitoka chanya kuna dawa yake nyingine kabisa, trastuzumab, inayoongezwa kwenye mpango na ina gharama yake. Ikitoka hasi haihitajiki. Sasa ona, mpango wako wote una kipande kimoja bado hakijajulikana, na shemeji ameshapanga bajeti.

Kuhusu India. Simlaumu shemeji yako, wapo waliokwenda wakarudi wazima na hospitali zao zina vifaa vingi na majibu yanatoka haraka. Lakini niulize kitu, unaenda India kufanya nini hasa? Kama ni dripu 8 za kila wiki tatu, hiyo ni karibu miezi sita. Utakaa kule miezi sita na msindikizaji, kodi, chakula, viza? Au utaenda kwa operesheni tu alafu dripu na mionzi ufanye huku? Nimewaona waliorudi katikati ya matibabu hela imeisha, wana barua nzuri ya hospitali ya kule na hawana kiwanja tena, wakaanza kupanga foleni ileile waliyoikimbia, wakiwa wamechelewa. Na wapo waliofanikiwa kwa sababu walijua wanafuata kitu gani na kitachukua wiki ngapi. Kwahiyo kabla kiwanja hakijauzwa mwambie shemeji aombe kwa maandishi mpango mzima na gharama nzima, sio ya wiki mbili za mwanzo.

Alafu kuna njia ya nne ambayo naona kwenu haikutajwa. Kile kinyama kilichotolewa hakikutupwa, maabara huwa wanakihifadhi kwenye kipande cha nta. Mgonjwa anaweza kuomba kipande hicho na vioo vyake vya hadubini vipelekwe maabara nyingine, iwe Dar iwe nje ya nchi, kipimwe upya ikiwemo hiyo HER2. Na faili likasomwa na daktari wa pili akatoa maoni yake. Kinyama kinaweza kusafiri wewe ukiwa umekaa kwenye cherehani. Sikwambii ndo ufanye hivo, nasema uliza kama inawezekana na ni kiasi gani, pengine milioni 6 zilizopo zikatosha kumtuliza roho kila mtu.

Kinachonisumbua kwenye mpango wa India ni ile miezi mitatu ya kutoguswa na mtu kusubiri mteja wa kiwanja. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa aina 7 za kansa, ya titi ikiwemo, wakakuta kila wiki 4 za kuchelewesha operesheni zinapandisha hatari ya kufa kwa asilimia 6 mpaka 8. Usishtuke, maana yake wiki moja au mbili za kuuliza, kuelewa na kupata maoni ya pili hazikuharibii kitu, madaktari wenyewe wanazitumia kupanga. Ila miezi mitatu kwa gredi ya 3 ni jambo la kumuuliza daktari uso kwa uso, "nikisubiri mpaka hapo itakuaje?" na asikie na mumeo.

Sasa shangazi. Hapa nataka twende polepole maana huyu ni mama yako wa pili na maneno yake yana kaburi nyuma yake. Alimuona wifi yake amekatwa, akamuona anakufa. Nani angemwambia asiamini alichokiona? Lakini mkumbushe mama alipoenda hospitali alikua na hali gani. Uvimbe ulikua ndani au ulishapasuka? Alikua anajifunika khanga mbili ili harufu isisikike? Alipewa dripu na mionzi, au alikatwa tu akarudishwa nyumbani? Kwenye wadi yangu nimewapokea wengi walioletwa kidonda kimeshachimbika, na kisu kilipogusa walikua wamebakiza miezi michache hata kisingegusa. Watu wakasema kisu kimeua. Ndo maana hata Ocean Road, hospitali ya kansa pale Dar, watu wanaiogopa wakisema ukienda hurudi, wakati wengi wanafika ugonjwa umeshavuka. Ile sindano ya kinyama uliyochomwa haijaamsha kitu mwanangu, bila hiyo hakuna ambae angejua ER wala HER2, wangekupa dawa gizani. Lala kwa amani kwa hilo.

Na dawa ya Handeni sitaidharau kwa sababu ni ya mti. Paclitaxel, mojawapo ya dawa za dripu anazoweza kupewa mwenye kansa ya titi, asili yake ni gome la mti wa Marekani. Tofauti ni kwamba hiyo imepimwa, inajulikana kilo zako zinahitaji miligramu ngapi na nyingi sana ni ngapi. Mtabibu wa Handeni anaweza akawa mtu mwema kabisa, kinachonitisha kwake ni lile sharti la kutochanganya, kwa sababu maana yake ni siku 40 bila tiba nyingine, na baada ya 40 huwa kuna 40 nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 habari za wagonjwa 281 wa Marekani wenye kansa ambayo bado haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake wakaacha ya hospitali, hatari yao ya kufa ilikua mara 2.5 ya wenzao, na kwa kansa ya titi ilizidi mara 5. Sisi nasi tunakumbuka mwaka 2011, ile foleni ya magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mti, na waliotoka vitandani hospitali kuifuata. Waliokwenda hawakua wajinga, walikua wanaumwa na wanataka kupona, kama wewe. Mimi ningetamani shangazi apewe kazi nyingine ya mapenzi, dua, uji wa asubuhi, kukusindikiza. Na ukiamua kunywa chochote cha miti, hata mlonge tu, daktari wa dripu ajue, kwa sababu vyote vinapita kwenye ini moja.

Njia ya hospitali ya hapa nchini nayo, ya Dar, usidhani ni nyepesi na sitaki nikuchoree rangi nzuri. Utasafiri kila wiki tatu. Kuna dripu moja ni nyekundu, wagonjwa wanaiita hivohivo nyekundu, ukienda haja ndogo siku hiyo unaona mkojo una rangi unaweza kupiga kelele, ni rangi ya dawa. Kabla yake wanapima moyo na kila mzunguko wanapima damu. Nywele zinaondoka wiki ya pili au ya tatu na zinarudi matibabu yakiisha. Kichefuchefu kina vidonge vyake, usione aibu kusema vya kwanza havijasaidia, wana vingine. Cha hatari zaidi ni homa, kwa sababu kinga inashuka sana kama wiki moja mpaka mbili baada ya dripu, kwahiyo nyuzi 38 ikifika ni hospitali usiku huohuo, sio kumeza panado na kungoja asubuhi. Nunua kipimajoto. Na uliza ukiwa umesharudi Tanga, homa ikikushika saa nane za usiku uende mlango gani na uonyeshe karatasi gani. Swali hilo moja limeokoa watu.

Unaweza pia kuuliza kwa nini dripu zinaanza na sio operesheni, ni swali halali kabisa. Tafiti zinaonyesha kwa watu wengi kuishi hakutofautiani kama dripu zimetangulia au zimefuata. Zikitangulia uvimbe unaweza kupungua, operesheni ikawa ndogo zaidi, na daktari anaona kwa macho kama dawa inafanya kazi. Operesheni ikitangulia mnajua mapema tezi ngapi hasa zimeguswa, ila inaweza kuwa kubwa zaidi.

Na hapo tunafika kwenye ziwa lenyewe. Pengine unawaza kukatwa lote ni lazima, kama mama, ila sijaona mahali dokta amesema hivo. Bernard Fisher, daktari wa upasuaji wa Pittsburgh Marekani, na wenzake waliwafuatilia wanawake 1,851 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4, wengine walitolewa ziwa lote, wengine uvimbe tu, na baadhi ya hawa wakaongezewa mionzi. Majibu ya miaka 20 yalitoka mwaka 2002, kuishi kulikua sawa, ila waliotolewa uvimbe bila mionzi ugonjwa ulirudi kwenye ziwa lilelile kwa wengi zaidi. Kwahiyo ukibakisha ziwa, mionzi ni sehemu ya makubaliano, siku tano kwa wiki kwa wiki kama tatu mpaka tano au zaidi, na mashine za mionzi Tanga hamna, utahitaji pa kulala Dar muda wote huo. Je kuna ndugu? Cherehani itakaa kimya wiki hizo, kodi ya fremu italipwa na nani? Ukitolewa lote unaweza kukwepa safari hizo, lakini kwa kuwa kuna tezi ya kwapani mionzi inaweza ikahitajika hivohivo. Unaona kwamba hili si swali la uzuri tu, ni swali la nauli na la kazi pia, na hakuna anaeweza kulijibu kwa niaba yako.

Kitu kimoja ambacho daktari hawezi kukijua usipomwambia, mwambie wewe ni fundi cherehani. Tezi za kwapani zikitolewa nyingi, mkono wa upande huo unaweza kuvimba na kuwa mzito, wengine miezi, wengine miaka. Kwa fundi mkono ndo duka. Uliza watatoa tezi ngapi na kwa nini, na mazoezi ya mkono yanaanza siku ya ngapi. Umeniambia unataka nini hasa, kurudi kwenye cherehani na kushona gauni la harusi la binti. Basi sentensi hiyo ianze kusemwa chumba cha daktari, maana mpango unapangwa kufuata mtu anataka kuishi vipi.

Hela nayo usiiache kwenye grupu peke yake. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda pale mapema, siku ya kwanza, ukaulize nini ni bure, nini kinalipiwa, na kama kuna msamaha au pa kufikia wagonjwa wa mikoani. Wengi wanaenda pale wakiwa wameshauza kila kitu.

Mumeo. Mgongo wa mtu usiku unaweza kumaanisha mambo mengi mwanangu, na wewe umechagua tafsiri moja. Nimewaona wanaume wanaogopa hata kugusa shuka wakidhani watamuumiza, na wanaolia wakiwa wamegeukia ukutani ili mke asione. Nimewaona pia wanaoondoka kweli, siwezi kukudanganya. Mimi simjui wako. Ila mtu aliekimbia kupiga simu na kukubali kiwanja kiuzwe, kuna kitu anakihangaikia. Je ukimuomba aingie na wewe kwa daktari Jumatatu, sio kukaa nje kwenye benchi, kuingia? Pengine ni mara yake ya kwanza kusikia neno zaidi ya kansa. Na kama usiku unaweza, mwambie tu "nishike mkono." Usianze na mazungumzo ya ndoa. Maneno ya mama mkwe yameniuma na mimi, hukustahili, lakini sidhani ni ya kujibiwa wiki hii. Wiki hii ina kazi nyingine.

Binti nae. Unamlinda na mtihani, naelewa. Lakini nyumba yenye grupu la mchango la ndugu wote, shangazi anaelia na baba asieongea, unadhani yeye anaona jipu? Watoto wa umri ule wakijaziliza wenyewe, wanajaza na kifo. Hatari ya kumwambia ni kwamba atayumba kwenye masomo. Hatari ya kutomwambia ni aje ayasikie kwa jirani siku ya kuamkia karatasi ya hesabu. Wapo wazazi waliosema kidogo tu, "nina ugonjwa kwenye ziwa, unatibika, natibiwa, kuna siku nitakua nimechoka na utanisaidia," wakaacha mengine baada ya mtihani. Wewe ndo unamjua. Jambo moja la daktari kuhusu yeye, mtaje mama yako, umri aliougua na umri aliofariki, kwa sababu ugonjwa ukiwa umepita kwa bibi na mama, binti anatakiwa aanze kuchunguzwa mapema kuliko wengine, na daktari atakwambia ni kuanzia lini. Sio sasa, sio leo, lakini iandikwe kwenye faili.

Kuna fundi mmoja, marehemu sasa kwa uzee na sio kwa kansa, alitolewa ziwa kwenye wadi yetu. Wiki ya pili akaniomba kipande cha pamba na kitambaa laini, akakaa kitandani akashona ziwa la kitambaa, akaliweka ndani ya sidiria, likawa zuri kuliko yaliyokua yanauzwa. Wagonjwa wenzie wakaanza kumuagiza. Aliondoka pale na oda sita. Nimemkumbuka nilipokua nasoma barua yako.

Toa karatasi kwenye droo mwanangu, ipige picha kila ukurasa, yenyewe iende na wewe Dar. Chukua daftari lako la oda, ukurasa mpya, andika maswali yako hapo, matano tu ukiweza, lile la kusubiri na lile la HER2 yawe juu. Mpe mumeo kalamu aandike majibu maana masikio yako yanaweza kuziba tena, na muombe daktari ruhusa ya kurekodi kwa simu, wengi wanakubali, ili na shangazi akasikie mwenyewe nyumbani. Alafu niandikie walichokwambia kuhusu huo mkono.